Vikapu vya Sabasaba

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu zako zimefika. Huku Bagamoyo hatujambo, na goti la bibi yako limetulia. Umeuliza ubebe vikapu vingapi kwenye maonesho ya Sabasaba huko Dar. Mimi ningeanza na hili: vingapi vitafanana?

Unamkumbuka shangazi yako mwaka ule wa kibanda cha kona. Alibeba vikapu 41, hakuna viwili vya aina moja. Tarehe 5 Julai akaja mama mmoja anataka 12 vya sare, vya kicheni pati. Vya weusi na weupe vilikuwa vinne tu. Yule mama akavipanga mdomo kwa mdomo, kimoja kipana, kimoja chembamba, akavirudisha taratibu, akaenda zake. Shangazi yako akisikia habari hiyo hadi leo hunyamaza, na mimi bado inaniuma. Aina chache, kila aina nyingi. Nilikwambia siku ulipoanza kusuka ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa kikapu, na nakwambia tena.

Sare huanzia kwenye sufuria. Ukindu wote wa seti moja uchemshe siku moja, rangi moja. Zambarau ya sufuria ya pili haitarudi ileile. Hesabu chane zilezile, vile vipande vyembamba vya ukindu, kwenye kila ukili, maana ukizidisha mbili ukili unapanuka na kikapu kinanenepa. Mdomo upime kwa kijiti kimoja ulichokikata mwenyewe, usipime kwa shibiri, shibiri ya jioni si ya asubuhi.

Sasa mikono. Zimebaki wiki 10 kabla ya maonesho kuanza tarehe 28 Juni, na wewe hutoa vikapu vitatu vya sokoni kwa wiki. Wiki ya mwisho iondoe, ni ya mishikio na kuanika. Vikapu vikipachikwa kimoja ndani ya kingine vikiwa na unyevu huota ukungu. Una 27. Tuseme pango, nauli na chakula vinakula 350,000, na kila kikapu kinakuachia faida ya 7,000: unahitaji kuuza 50 ndipo uanze kujipatia chako. Kwa hiyo 27 peke yake haitoshi. Pengo lizibe kwa vitandiko vya vikombe, sita sita, vinavyotoka kwenye ukili uliobaki. Ukinunua vikapu kwa majirani, wape kijiti chako kabla hawajaanza kushona. Vipepeo vya kujipepea viache nyumbani, Julai ni kipupwe.

Usipeleke vyote siku ya kwanza. Maonesho ni siku 16, hadi tarehe 13 Julai, na umati huja mwisho wa wiki na tarehe 7 yenyewe. Nusu ya mzigo ibaki nyumbani kwako Mbagala hadi tarehe 4. Meza ikipungua siku ya tatu, watu hudhani wanachagua masalio.

Lakini nikisema haki, vile vikapu vya shangazi yako ndivyo vilivyosimamisha watu. Kila mmoja alipita akageuka. Meza ya kitu kimoja huonekana kama bohari, hilo silikatai. Labda utundike mkeka mmoja wa rangi nyingi nyuma yako, ule mkubwa, uwe wa kuita macho, na mezani ziwe aina tatu. Au nne? Hapana, tatu. Aina chache, kila aina nyingi. Ila kibanda ni chako na pesa ya pango umetoa wewe. Idadi ninayo kichwani, nimeiandika hapa mara mbili nikaifuta. Sitakupangia.

Nimekuwekea mafungu manane ya ukindu mweupe, umekauka vizuri. Nitajie rangi kabla ya Ijumaa, niuchemshe wote siku moja.

Mama yako