Boti inataka kuondoka: nimwambieje mgeni kwa Kiingereza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakatisha tiketi za boti bandarini Unguja. Boti inapotaka kuondoka huwaambia wageni "The boat will leave now", na wengine wanaendelea kukaa tu. Mwenzangu ananisahihisha niseme "The boat is about to leave in five minutes". Nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba. Sentensi yako haina haraka uliyonayo. Ya mwenzako ina maneno yanayofaa, ila ameyaongezea dakika zisizohitajika. Sema hivi: "The boat is about to leave." Ishia hapo.

"About to" imeshabeba wakati ndani yake: tendo liko mlangoni, ni sasa hivi. Ndiyo maana haipatani na "tomorrow", "at four" wala "in five minutes". Ukitaka kutaja dakika, iache kabisa useme "The boat leaves in five minutes" au "The boat is leaving in five minutes". Ile ya kwanza ndiyo lugha ya ratiba, iwe ya boti, treni au ndege. Neno linalokaa vizuri na "about to" ni "just", na huzidisha ukaribu: "We're just about to leave."

Muundo wake hauna taabu: am, is au are, kisha "about to", kisha kitenzi kitupu. Usiseme "about leaving" wala "about to leaving". Wengi huteleza hapa kwa sababu shuleni walikariri "about" kwa maana ya kuhusu au takriban, na hapa haina maana hata moja kati ya hizo.

Kuna mtego mwingine unaotoka kwenye lugha yetu wenyewe. Sisi tunasema mvua inataka kunyesha, jua linataka kuzama, boti inataka kuondoka, na ni Kiswahili safi. Ukisema "The boat wants to leave", mgeni anaweza asipate ujumbe kabisa, maana "want" kwa kawaida ni ya mwenye utashi. Mawingu yakitanda sema "It's going to rain", kwa kuwa dalili unaiona. Upepo ukishanukia mvua na watu wanaanua nguo, hapo ni "It's about to rain".

"Will" uliyoizoea usiitupe. Ina kazi yake, hasa uamuzi unaoukata papo hapo. Mama mtu mzima akifika na begi zito, mwambie "I'll carry that for you". Ukimwambia "I'm about to carry that", unatangaza tu kwamba ulikuwa mbioni kulibeba, msaada hausikiki.

Kwa wakati uliopita, "about to" hupendeza sana panapotokea la kukatiza: "I was about to close the gate when they arrived." Lakini ukitaka kusema nusura uanguke kwenye ngazi za boti, Waingereza husema "I nearly fell" au "I almost fell".

Kanusho ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa. "I'm not about to pay" maana yake si kwamba bado hujalipa. Maana yake ni kwamba huna nia hata kidogo ya kulipa, tena kwa ukali. Kwa hiyo mgeni akikuuliza kama boti inaondoka, na bado wanapakia mizigo, usijibu kwa "not about to". Jibu "Not yet, they're still loading." Na kama saa imepangwa lakini huna hakika nahodha ataifuata, tumia "due to": "The boat is due to leave at four." Hapo umetaja ratiba ilivyo, bila kuahidi kwamba itafuatwa.