Mkufu wa Mtakatifu Audrey

SWALI: Mhariri, ninauza hereni na mikufu Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwezi uliopita mteja mgeni aliinua mkufu mmoja, akamwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba ni “tawdry”. Nilidhani anausifu, nikamshukuru na kumpunguzia shilingi 2,000. Kijana wa duka la jirani alicheka mpaka akakaa chini. Neno hilo lina maana gani, na limetoka wapi?
Msomaji wa kike, Dar es Salaam

JIBU: Pole, dada yetu, hukusifiwa. Neno hilo hutumika kwa kitu chenye mng’aro mwingi na thamani ndogo, hasa nguo na mapambo: mkufu uliochovywa rangi ya dhahabu ambao, baada ya jasho la siku mbili, huacha alama ya kijani shingoni. Kanga ya bei nafuu iliyotulia haiitwi hivyo, kwa sababu haijidai.

Asili yake ni Æthelthryth, malkia wa Northumbria aliyeanzisha monasteri huko Ely, Uingereza, mwaka 673, na ambaye jina lake lilikuja kulainishwa kuwa Audrey. Mtawa Bede, katika historia yake ya karne ya 8, anasimulia kwamba malkia huyo alifariki akiwa na uvimbe shingoni, naye aliupokea kama malipo ya mikufu aliyojipambia ujanani. Alipokwisha kuhesabiwa mtakatifu, katika gulio la kila Oktoba huko Ely zikauzwa tepe za hariri za kuvaa, ajabu iliyoje, shingoni, nazo zikaitwa kwa jina lake.

“Saint Audrey” likisemwa upesi, ile t ya mwisho ya neno la kwanza hurukia neno la pili, na kinachosikika ni “tawdry”. Tusiwacheke Waingereza: sisi tuliisikia “keep left” yao tukaitia katika ngeli ya KI-VI, na leo jiji lina kipilefti hapa na vipilefti kule, hata Kariakoo yako ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyopita katika ndimi zetu. Kufikia karne ya 17, tepe za Audrey zilipokuwa zimeshuka hadhi, jina lao lilikwisha kuwa sifa ya kila pambo la hovyo.

Hutamkwa “todri”. Ukilisikia tena dukani, usipunguze bei.