Indiketa za LED kwenye gari la zamani: globu inunue mwisho

Wenye magari ya zamani hapa Unguja tumeingiwa na hamu ya globu za LED, zinazong'aa kwa umeme kidogo, na sababu tunayo. Jua la saa saba likipiga kioo cha taa ya nyuma, indiketa ya Morris Minor anaijua dereva peke yake. Mwenye vespa anayekufuata kwenye kiplefti ya Michenzani haoni kitu. Tena dainamo haichaji vizuri injini ikizunguka taratibu, kwa hiyo ukisimama foleni usiku na taa kubwa zinawaka, indiketa inafifia hapo hapo unapoihitaji.

Ila usianze kwa kununua globu. Nimeona nyingi zinachomekwa, hazikonyezi, kisha lawama zote anabebeshwa muuza duka. Mara nyingi globu haina kosa.

Anza na flasha, kile kifaa kinachozifanya taa zikonyeze. Ile ya zamani ya Lucas, kopo dogo lenye miguu mitatu, B, L na P, inafanya kazi kwa joto. Ndani mna waya mwembamba. Umeme wa globu ukipita humo waya unapata moto, unatanuka, taa zinawaka. Ukipoa unajivuta, taa zinazima. Imepimiwa globu mbili za wati 21, yaani kama ampia 3.5 kwa volti 12. LED mbili hazifiki hata ampia moja, waya hauchemki, na taa zinabaki hafifu au hazikonyezi kabisa.

Mafundi waya wengi watakwambia utie rezista, kipande kinachokula umeme ili flasha idhani globu za zamani bado zipo. Inafanya kazi, sikatai. Lakini rezista ya omu 6 inakula ampia 2 kwa volti 12, wati 24 zinazogeuka joto tupu. Sasa LED umetia ya nini? Halafu huwa inafungwa kwa tepu juu ya waya zenye ngozi ya kitambaa za miaka ya 1960, na hapo mimi silali. Nunua flasha ya elektroniki iliyotengenezewa LED. Kama ya zamani ina mguu wa P, tafuta yenye mguu huo, maana ndio unaowasha taa ya kijani ya dereva. Na chagua inayotoa mlio, la sivyo utafika Bububu indiketa ya kulia ingali inakonyeza.

Kabla hujalipa, fungua boneti utazame betri: ni waya upi umefungwa kwenye bodi? Gari nyingi za Kiingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, Morris Minor ikiwemo, zilitoka kiwandani na ethi ya chanya, yaani nguzo ya chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. LED ya kawaida ukiitia humo haiwaki, na flasha ya elektroniki isiyo ya mfumo huo inaweza kuungua mara moja. Ziko globu zisizochagua upande, na ziko flasha za ethi ya chanya, ila huku kwetu huzikuti rafuni, inabidi uagize. Njia ya pili ni kugeuza gari zima liwe ethi ya hasi: unageuza waya za betri na za koili, na dainamo inapewa mwelekeo mpya. Fundi anayeijua dainamo haimpi tabu. Asiyeijua usimwachie.

Sasa ethi za taa zenyewe, na hapa usifanye haraka. Hewa yetu ina chumvi. Chomoa globu ya nyuma utazame ndani ya soketi: utakuta kutu ya kijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye bati. Ethi ikiwa mbovu, umeme hutafuta njia kupitia taa nyingine, na LED kwa vile inaridhika na umeme kidogo itawaka mahali usipotaka: unapiga indiketa ya kushoto, taa ya maegesho inakonyeza pamoja nayo. Sugua soketi kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, futa, chomeka, kisha paka vaselini kidogo kuzuia unyevu. Halafu vuta waya mpya wa ethi kutoka kila taa hadi kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi. Pima kwa mita, taa ikiwa inawaka: mguu mmoja kwenye ganda la soketi, wa pili kwenye nguzo ya betri iliyofungwa na bodi. Isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, rudi na msasa.

Gari nyingine zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, iliyounganishwa kati ya upande wa kulia na wa kushoto. Ukitia LED, umeme unapita humo na taa zote nne zinakonyeza pamoja. Dawa yake ni dayodi mbili za 1N4007, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, moja kwa kila upande, na mguu wa pili wa ile taa unapelekwa kwenye ethi. Bei yake haifiki ya kikombe cha urojo.

Ndipo ununue globu. Kioo cha rangi ya chungwa kinataka LED ya chungwa. Nyeupe nyuma yake hutoa mwanga uliopauka. Chagua zenye vijitaa ubavuni, maana kioakisi cha zamani kinategemea mwanga wa pembeni. Zinazomulika mbele tu hukupa kidoa katikati ya kioo. Na pima urefu, isije ikagusa kioo.

Mwenye Morris Minor ya kabla ya 1961 huenda ana vile vikono vinavyochomoza kwenye nguzo ya mlango, ndivyo indiketa zake za asili. Nakuomba usiving'oe. Ongeza taa pembeni, vikono viendelee na kazi yao.

Ukimaliza, mpe mtu akae ndani, wewe simama nyuma ya gari adhuhuri, mbali kidogo. Hesabu mikonyezo kwa dakika: iwe kati ya 60 na 120. Flasha hizi mpya nyingi hazibadilishi mwendo globu ikifa, kwa hiyo jizoeze kuzunguka gari mara moja moja ukiziangalia. Flasha ya zamani na globu zake zifunge kwenye mfuko uziweke kwenye buti.