Mshipa unaovimba mguuni, kisha ukahamia mkononi

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Alitokewa na kitu kama uzi mgumu, mwekundu, unaouma kwenye shavu la mguu. Zahanati wakampa dawa ya maumivu, ukapona. Baadaye ukatokea mguu wa pili, na sasa uko mkononi. Anakula vizuri lakini anakonda. Jirani anasema ni saratani. Inawezekana?

JIBU: Marahaba. Inawezekana, ingawa si lazima iwe hivyo. Huo uzi ni mshipa wa karibu na ngozi ambao damu imeganda ndani yake na ukuta wake ukavimba. Ukitokea mara moja tu, sababu huwa za kawaida: mishipa iliyotuna miguuni, ujauzito, dripu, safari ndefu ya kukaa. Kinachonitia wasiwasi kwa mama ni kule kuhamahama, na juu yake kukonda.

Mwaka 1865 daktari Mfaransa Armand Trousseau alifundisha kwamba damu inayoganda hivi bila sababu huweza kutangulia saratani iliyojificha. Mwaka 1867 aliiona dalili hiyo mwilini mwake mwenyewe, akafariki mwaka huohuo kwa saratani ya tumbo. Baadhi ya saratani, hasa za kongosho (kiungo cha tumboni kinachosaidia kudhibiti sukari ya damu), tumbo na mapafu, humwaga kwenye damu kemikali zinazoifanya igande, pengine miezi kadhaa kabla mgonjwa hajaumwa tumbo au macho kuwa ya manjano.

Yapo maradhi mengine yanayofanya hivi, mojawapo ni ugonjwa wa mishipa ya damu unaowapata wavuta sigara. Ila mama asirudishwe tena nyumbani na vidonge vya maumivu. Mpelekeni hospitali ya rufaa apimwe mishipa kwa ultrasaundi, damu, ini, sukari na eksirei ya kifua. Sukari iliyopanda ghafla kwa mtu anayekonda inaelekeza macho kwenye kongosho. Na ultrasaundi ya tumbo ikiwa safi, msitulie mapema: kongosho limejificha nyuma ya tumbo na gesi huzuia lisionekane. Ulizeni kuhusu picha ya CT, yaani eksirei ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili kwa undani.

Msimchue wala kumkanda. Akibanwa pumzi ghafla, akichomwa kifuani au mguu mzima ukivimba, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, kwani bonge la damu huenda limefika mapafuni.

Ikithibitika ni saratani, mwulizeni daktari kuhusu sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, maana warfarini, vidonge vya kazi hiyohiyo, mara nyingi haifui dafu kwa damu ya namna hii.