LQ4 ndani ya Chevelle: Anza na Difu, Injini Iwe ya Mwisho

Wengi wanaotaka kuitia Chevrolet Chevelle ya 1968 hadi 1972 injini kubwa huanza kwa kununua injini. Wanaiokota kwa bei nzuri kwenye yadi ya magari yaliyogongwa, wanaiegesha kwenye kona ya gereji juu ya tairi kuukuu, halafu ndipo hesabu zinapokataa. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) inagusa krosimemba (boriti inayokatiza chasisi), giaboksi halipiti chini ya sakafu, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) ni ndefu, tangi halina pampu, na difu (sanduku la gia kwenye ekseli ya nyuma) lilifungwa kiwandani kwa ajili ya injini ya silinda 6. Injini yenyewe ni sehemu nyepesi ya bajeti. Pesa huliwa na vinavyoizunguka, kwa hiyo panga kazi kuanzia nyuma ya gari kuja mbele.

Tunazungumzia mchanganyiko mmoja tu hapa: injini LQ4 ya lita 6.0 pamoja na giaboksi la otomatiki 4L80E, vyote kutoka kwenye magari ya kazi ya General Motors ya Marekani. LQ4 ilitoka mwaka 1999 hadi 2007, bloku yake ni ya chuma, na inatoa nguvu za farasi 300 na ushei bila kuguswa. Iko kwenye Silverado 2500HD, kwenye Hummer H2 na kwenye vani za Express. Bloku za alumini za familia hiyo hiyo ni nyepesi kwa takriban kilo 40, lakini bei yake ni nyingine kabisa, na kwa gari la barabarani hatuoni sababu ya kuzililia.

Kama una nafasi ya kuchagua, chukua ya vani. Vani hizo kubwa, 2500 na 3500, zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo 4L80E yake ina mkia unaopokea yoki ya propela (kile kichwa chake kinachoteleza ndani ya giaboksi) moja kwa moja. Giaboksi la pikapu ya "foo bai foo" lina mkia wa kuunganishia transifa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma), na kulibadilisha ni kulifungua lote. Nunua injini na giaboksi vikiwa pamoja, na waya zake zote, kompyuta yake, na kama mlango wa hewa ni wa umeme, ung'oe na pedali na kile kiboksi chake kidogo cha kuuendesha. Vitatu hivyo vinajuana. Ukichanganya pedali ya mwaka huu na kiboksi cha mwaka ule, injini itawaka na kubaki ikinguruma taratibu hata ukanyage vipi.

Sasa nenda nyuma. Hesabu boliti za kifuniko cha difu: 10 au 12. Lile la boliti 12 lina gia kubwa ya kipenyo cha inchi 8.875 na ndilo la kutafuta. Lile la boliti 10 lenye gia ya inchi 8.2 halitadumu nyuma ya lita 6.0 ukipenda kuondoka kwa kishindo. Halafu angalia uwiano, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Chevelle nyingi za familia zilitoka na gia ndefu, kwa mfano 2.73. Gia ya nne ya 4L80E ni 0.75, kwa hiyo ukizidisha utapata 2.05, na kwa tairi la kimo cha inchi 26 injini itakuwa inazunguka karibu mara 1,800 tu kwa dakika ukiwa kilomita 110 kwa saa. Hapo inaburuzwa. Kwa 3.73 utapata takriban mizunguko 2,470, mahali ambapo LQ4 inapumua vizuri, na gari likisimama linaondoka kama linavyotakiwa.

Mtego uko kwenye kikapu cha difu. Kile kinachobeba gia za 2.56 na 2.73 hakipokei gia za 3.08 hadi 3.73, na cha hizo hakipokei 3.90 na kuendelea, kwa sababu unene wa gia na pinioni (gia ndogo inayoizungusha ile kubwa) hubadilika. Watu hununua gia ya 3.73, wanaifunga kwenye kikapu cha 2.73, na haifiki hata kugusana na pinioni. Ukinunua gia, uliza kikapu.

Giaboksi. 4L80E imetokana na TH400, otomatiki ya zamani ya GM, ina gia ya kwanza ya 2.48, na inastahimili mateso. Ndugu yake mdogo 4L60E anaingia kwenye Chevelle kirahisi zaidi, lakini klachi zake za gia ya tatu na ya nne zinajulikana kwa kuungua. Ubaya wa 4L80E ni mwili. Mgongo wa sakafu unaofunika giaboksi utalazimika kugongwa kwa nyundo, na mara nyingi kukatwa na kuchomelewa upya pale juu kulia na pale mkia unapopita. Krosimemba ya giaboksi inarudi nyuma. Yoki ya propela lazima iwe ya meno 32. Ile iliyokuwa kwenye TH350, otomatiki nyingine ya zamani ya GM, ni ya meno 27 na haiingii.

Kabla hujafunga chochote kwa kudumu, ingiza injini na giaboksi vikiwa vitupu mara moja, uone. Mashimo ya mauntingi (vishikio vya injini kwenye chasisi) kwenye LQ4 ni 4 kila upande, wakati "smolu bloku", ile V8 ya zamani ya Chevrolet, ilikuwa na 3, kwa hiyo unahitaji vibao vya kuunganishia. Vibao hivyo ndivyo vinavyoamua injini ikae mbele au nyuma, na vinauzwa vya aina nyingi. Chagua kwanza sampu na menifodi za ekzosi utakazotumia, halafu chagua vibao vinavyoendana navyo, ikiwezekana kutoka kwa mtengenezaji huyo huyo. Sampu ya pikapu imeshuka chini mno, kwa hiyo usiitumie: barabara yenye tuta moja inatosha kuipasua. Sampu za Camaro ya 1998 hadi 2002, au zile zinazotengenezwa mahususi kwa kazi hii, ndizo zinazokaa juu ya krosimemba bila kugombana na vyuma vya usukani.

Ukibadilisha sampu, badilisha na bomba la kufyonza oili, na oringi yake iwe mpya, ya unene sahihi, iliyopakwa oili. Hii oringi ndogo isiyofika hata thamani ya chakula cha mchana imeua injini nyingi. Ikikatwa wakati wa kusukuma bomba kwenye pampu, pampu itafyonza hewa pamoja na oili, na utaona presha inapanda vizuri asubuhi kisha inashuka injini ikipata moto. Fundi atasema bearingi zimekwisha. Kabla hujamsikiliza, fungua sampu uangalie oringi. Na unapofunga sampu, uso wake wa nyuma lazima uwe sawia na uso wa nyuma wa bloku, kwa sababu belhauzi (mdomo wa giaboksi unaofungwa kwenye injini) hufungwa kwenye sampu pia. Weka rula ya chuma pale nyuma kabla ya kukaza.

Boliti za belhauzi kwenye LQ4 ni za milimita, M10 za nyuzi 1.5. Zile za zamani ni za inchi tatu kwa nane. Zinafanana kwa macho, zinaingia raundi mbili, kisha zinasaga nyuzi.

Kuna jambo la urefu wa krenki (shafti kuu ya injini) pia. LQ4 za 1999 na 2000 zina krenki iliyotokeza zaidi nyuma, na hedi zake ni za chuma. Za 2001 na kuendelea zina krenki fupi kwa takriban milimita 10, na hedi za alumini. Kama giaboksi na fleksipleti (sahani inayounganisha krenki na konvata) vimetoka pamoja na injini, hakuna cha kurekebisha. Ukichanganya, utahitaji kipande cha kujazia pengo na boliti ndefu zaidi, la sivyo torki konvata (ngoma ya oili inayopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi) itakuwa inaning'inia bila kushikwa katikati na krenki.

Hapo kwenye torki konvata tukae kidogo, maana ndipo giaboksi jipya linapokufa kabla gari halijatoka gereji. Konvata inaingia kwa hatua tatu: inashika shafti ya kuingizia, inashika shafti ya stata ya ndani ya konvata (si ile stata ya kuwashia injini) ambayo haizunguki, kisha inashika gia ya pampu. Izungushe kwa mikono miwili huku ukiisukuma taratibu, na kila hatua utaihisi ikidondoka kidogo. Wengi huishia kwenye ya pili wakadhani wamemaliza. Kisha belhauzi inakataa kugusana na bloku, imebaki nafasi ya unene wa kidole, wanachukua spana na kuivuta kwa boliti. Pampu ya giaboksi inapasuka hapo hapo, kimya kimya. Kanuni ni rahisi: belhauzi igusane na bloku kwa kusukumwa na mikono tu, konvata izunguke kwa kidole, na kati yake na fleksipleti kubaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 kabla hujafunga boliti zake. Ikiwa tayari imebanwa, toa uanze upya.

Propela ipimwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, uzito wote chini. Sukuma yoki ndani mpaka ifike mwisho, irudishe nyuma milimita 20 hadi 25, kisha pima kutoka katikati ya krosi ya mbele hadi katikati ya krosi ya nyuma. Ukipima gari likiwa limeinuliwa na ekseli inaning'inia, propela itakuwa ndefu, na tuta la kwanza litaisukuma ndani ya giaboksi. Pembe nazo: kama giaboksi limeinama nyuzi (digrii) 3 kuelekea chini, pinioni iinuke nyuzi hizo hizo kuelekea juu, tofauti isizidi nyuzi 1. Chevelle ina mikono minne ya kushika ekseli, kwa hiyo mikono ya juu inayorekebishika ndiyo inayokupa pinioni unayoitaka.

Mafuta. Kabureta ya zamani ilitosheka na presha ya pauni 5 hadi 7 kwa inchi ya mraba. LQ4 inataka 58. Kwa hiyo tangi lenye pampu ndani yake ndilo jibu, na liwe na kuta za ndani zinazozuia mafuta kukimbilia kona moja. Pampu ya nje inayofungwa kwenye chasisi hupiga kelele na hukata siku za joto. Filta ya Corvette ya 1999 hadi 2003 ina regyuleta (kidhibiti presha) ya pauni 58 ndani yake: ifunge karibu na tangi, bomba la kurudisha liishie hapo, na bomba moja tu la inchi tatu kwa nane liende mbele. Hozi ziwe za presha ya injini za sindano. Hozi ya kabureta itashika kwa wiki chache, halafu itachubuka juu ya menifodi yenye moto. Sihitaji kueleza zaidi.

Kwenye umeme, kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuchukua umeme wa kompyuta kwenye waya uliokuwa ukilisha koili ya zamani. Waya ule una ukinzani wa makusudi, na injini ikiwaka unatoa kiasi cha volti 9 au chini. Kompyuta inawaka, inazima, nozeli zinachanganyikiwa, na wewe unabadilisha sensa moja baada ya nyingine. Tafuta umeme ulio kamili kwenye swichi ya ufunguo, uhakikishe hausiti ukipiga stata, uutumie kuamsha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), na rilei ipate umeme wake moja kwa moja kutoka betri. Ethi ziwe angalau tatu nene: betri hadi bloku, bloku hadi chasisi, hedi hadi bodi. Programu ya kompyuta ifutwe ulinzi wa wizi, la sivyo injini itawaka sekunde mbili na kuzima, na ielekezwe kwamba giaboksi ni 4L80E.

Rejeta lolote zuri la alumini litatosha, lakini usisahau kabomba kembamba kanakotoka juu ya hedi. Kanatoa mvuke. Kakizibwa, mvuke unajikusanya, sana sana nyuma kwenye silinda 7 na 8, na geji yako iliyofungwa mbele haitaona kitu. Kapeleke juu ya rejeta. Kama hutumii hita, unganisha matundu yake mawili kwa hozi, usiyazibe.

Siku ya kuwasha, kumbuka kwamba injini hii haina distribyuta, kwa hiyo ule ujanja wa kuzungusha pampu ya oili kwa drili haupo. Sukuma oili kwa chombo cha presha kupitia tundu la mbele kushoto lenye nyuzi M16, au toa plagi zote, kata fyuzi za nozeli na koili, na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ipande. Kiwango cha chini cha kiwanda injini ikiwa na moto ni pauni 6 kwa mizunguko 1,000, 18 kwa 2,000 na 24 kwa 4,000. Usitishwe na geji kusoma 30 ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani.

Barabarani sikiliza mtetemo. Ukianza kwenye kasi fulani na kuongezeka kadiri unavyokimbia, hata ukiweka gia huru, propela haijasawazishwa. Ukibadilika pale unapokanyaga au kuachia mafuta, rudi kwenye pembe ya pinioni, na usiongeze boliti za mauntingi kwa kubahatisha.