Kabla ya Kuuliza Kipi Kinatangulia, Tabaka au Utambulisho

Kikundi chetu cha kusoma nadharia za siasa, hapa Nairobi, kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya swali nililolileta mimi mwenyewe: kipi kinatangulia katika kueleza dhuluma, tabaka au utambulisho, yaani kabila, rangi na jinsia? Wengine walishikilia kwamba kabila na jinsia ni pazia la kufunika unyonyaji. Wengine wakajibu kwamba asemaye hivyo hajawahi kuulizwa jina la baba yake kabla ya kupewa kazi. Majuma manne tulitwanga maji kinuni.

Aliyetunasua ni mama mmoja anayefua nguo katika nyumba za watu. Alieleza kwamba wanapoketi kando ya barabara alfajiri wakingoja kuitwa, mwajiri huuliza kabila kwanza na bei baadaye. Wanaokataliwa hubaki hadi adhuhuri, wakakubali nusu ya malipo, na kesho yake nusu hiyo ndiyo anayotajiwa kila mmoja, hata yule aliyependelewa jana. Kwa hiyo nakushauri uanze na ujira, uulize umepangwaje na nani anafaidika, ndipo ufungue vitabu.

Ukivifungua, usome tamko la Combahee River Collective la 1977, ambalo wengi hulitaja bila kulisoma. Wanawake hao weusi wa Boston, walioeneza dhana ya siasa za utambulisho, walikuwa wajamaa waliotaka ubepari uondolewe. Walichokataa ni ahadi kwamba ubaguzi wa rangi na mfumo dume vitajifia vyenyewe baada ya mapinduzi.

Karibu na nyumbani tunaye Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya mwenye asili ya Kihindi, aliyeanzisha mwaka 1935 chama cha wafanyakazi kisichobagua rangi. Watetezi wa tabaka humpenda kama ushahidi kwamba rangi haikuwa na uzito, nami naona wanamsoma nusu. Mishahara na mitaa ya Nairobi ya kikoloni ilipangwa kwa rangi, na ndiyo maana mwana vyama vya wafanyakazi huyo alisimama katika ukumbi wa Kaloleni, Aprili 1950, akadai uhuru wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa hadi 1961.

Jambo la mwisho ni saa ya mkutano. Tulikuwa tukikutana Jumamosi asubuhi, wakati mama yule yuko kazini, na wala hakuna aliyeligundua hilo, nikiwemo mimi niliyezoea kuhubiri habari za tabaka, hadi alipoomba tusogeze hadi Jumapili alasiri.