Kachora mstari kwenye chupa ya mafuta

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Tanga mjini, Ngamiani, nina watoto wawili, ndoa ya msikitini mwaka wa 7 huu. Mume wangu ana mkono wa birika mpaka nimechoka. Asubuhi anaacha elfu tatu, hiyo hiyo unga, dagaa, mkaa na nauli ya mtoto, akirudi anapitiliza jikoni kuangalia chupa ya mafuta, kaichora mstari kwa kalamu, yakishuka chini ya alivyotarajia ni maneno hadi saa sita usiku. Hayo nilishayazoea. Ila mwezi uliopita mdogo kashikwa homa siku mbili, baba anasema mkande maji tu, nikakopa kwa jirani nikampeleka, kumbe malaria. Na hela anazo, ana bodaboda mbili, meseji za benki nimeziona kwa macho yangu. Nimuibie au nirudi kwetu Pangani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, hapo kwa mtoto nimeumia kweli. Kubana matumizi simlaumu mtu, maisha magumu. Lakini mtu anabana ili siku ya homa hela iwepo, sasa homa imekuja, hela ipo na haitoki, hiyo akiba anamwekea nani?

Unauliza kuiba. Hind binti Utba alimshtakia Mtume (SAW) mumewe Abu Sufyan kuwa bahili, hampi cha kumtosha na watoto, akaambiwa achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Kwa hiyo ukichukua ya dawa na chakula huo sio wizi, ila uishie hapo hapo, hela ya dera isiwemo.

Pangani usiende kwanza. Mwite mshenga wenu na baba mkubwa wake, wakae naye, na hiyo chupa waletee waione, maana ukisimulia tu atasema unamsingizia. Akikaza nenda ustawi wa jamii au baraza la usuluhishi la kata, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amlishe, amvishe na kumpa mkewe makazi kulingana na uwezo wake, na matibabu ya mtoto yamo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, sio hisani ya baba.

Na lile deni la jirani alilipe yeye, wiki hii hii.